Barua ya wazi kwa wanaotusimamia: mafunzo ya maadmini yaanzie kwenye posti tulizozifuta

Kwa wajumbe wa bodi na watendaji wa jamii yetu ya mtandaoni,

Waheshimiwa, salaam.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilitokea hadharani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga, na huu ni mwaka wa sita nikiwa admini wa kujitolea katika jamii yetu ya maswali na majibu. Zamu yangu ni ya usiku, saa tatu hadi saa sita, wanangu wakishalala. Jina la jamii sitalitaja. Wanachama wanajua ni ipi, nanyi mnajua. Wanaosimamia jamii nyingine za namna hii nao wasome, kwani sidhani kama haya yametukuta sisi peke yetu.

Mwaka jana mlitutaka maadmini wote kumi na wanne tupitie mafunzo ya kuheshimu tofauti za watu. Niliyapitia yote, kwa usiku tatu mfululizo, kwa bando langu. Mwishoni kulikuwa na maswali kumi. Nilipata tisa, nikatumiwa cheti chenye jina langu. Siku kumi na moja baadaye, saa nne na dakika ishirini usiku, ikaingia posti hii:

"Bandugu, mutoto yangu aliungua na mayi ya moto ku mukono. Tumupake nini?"

Nikaifuta. Niliona "bandugu", nikaona "mutoto", nikaona "mayi", mkono ukaenda kwenye kitufe kabla akili haijalishika swali. Nikambandikia ujumbe tunaowabandikia wote: "Posti imefutwa kwa kanuni ya 3. Tafadhali andika Kiswahili fasaha." Haikuchukua hata dakika moja. Nikahamia kwenye posti iliyofuata, ya mtu aliyekuwa anauliza bei ya vifaranga.

Yule baba yuko Lubumbashi, Kongo. Asubuhi aliandika tena, na safari hii hakuomba msaada wowote: "Kiswahili yetu njo hii. Mulinifukuza juu ya nini?"

Mtoto ni msichana wa miaka mitatu. Usiku ule alipakwa dawa ya meno, kama wanavyofanya wengi hata huku kwetu, na kesho yake kwenye kituo cha afya ikabidi ile dawa ioshwe juu ya kidonda kibichi huku analia. Amepona, mkono umebaki na kovu. Saa ile ile nilipofuta swali la baba yake, manesi wawili ninaowafahamu walikuwa hewani wakijibu maswali ya watu wengine. Wangemwambia palepale: mwageni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake kitu, kisha mpelekeni hospitali. Swali halikuwafikia kwa sababu nililiondoa mimi.

Yule baba nimemwomba radhi, mara ya kwanza pale pale alipoandika, watu wote wakiona, na mara ya pili kwa sauti kwenye simu. Hilo ni kati yangu na yeye. Linalonifanya niwaandikie ninyi ni ile tisa kati ya kumi. Niliyaelewa mafunzo yenu. Nilikuwa makini na niliyaamini. Na bado, ilipofika saa ya kuyatumia, hayakuwa na neno hata moja la kuuzuia mkono wangu.

Nimeyafungua tena wiki hii nikayasoma upya, ukurasa kwa ukurasa. Yanaanzia ofisini: meza, mashine ya kahawa, kikao cha Jumatatu. Kuna mfanyakazi mweusi ambaye wenzake hawaishi kumshika nywele. Kuna mwingine mwenye asili ya Asia, mzaliwa wa nchi ile ile, anayeulizwa kila mara kwao ni wapi hasa. Haya ni maumivu ya kweli na siyadharau. Anayeshikwa nywele kazini ana haki ya kutetewa, na ndugu zetu wanaoishi Marekani na Uingereza wanayajua vizuri kuliko mimi. Lakini katika jamii yetu watu hawaonani nywele. Wanaonana maneno. Mtu anapoingia kwetu, kitu cha kwanza kumtambulisha, na mara nyingi cha pekee, ni jinsi anavyoandika, na humo humo ndimo tunamochujia nani abaki na nani aondoke. Katika kurasa zote zile hakuna hata moja inayozungumzia lugha. Zilitungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wengine, halafu zikaletwa kwa mfasiri. Mfasiri kafanya kazi yake vizuri. Hata angekuwa stadi kuliko wote, asingeweza kutafsiri ugomvi ambao haumo ndani ya kurasa alizopewa.

Naomba mniruhusu nikae kidogo hapa, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Hicho tunachokiita fasaha kina tarehe yake. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakaamua kwamba Kiswahili cha shuleni kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita cha Mombasa, chenye tungo za mshairi Muyaka bin Haji, kikawekwa kando, tena kikiwa kwao. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo yale manne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusimamia uamuzi huo: tahajia, kamusi, vitabu vya darasani. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwemo. Watu wa Katanga, upande wa Lubumbashi, waliendelea na Kiswahili chao migodini, sokoni na kanisani bila kuomba kibali cha kamati yoyote, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu wa Lubumbashi anaposema "mutoto" hajakosea "mtoto". Amesema alivyosema mama yake.

Mimi ninafundisha Kiswahili sanifu na nitaendelea kukifundisha, kwa sababu mwanafunzi wangu akiandika "mutoto" kwenye mtihani wa taifa atakatwa alama, na nisingependa akatwe. Ila baba mwenye mtoto aliyeungua hayuko kwenye mtihani. Kosa langu lilikuwa kubeba kalamu nyekundu ya darasani hadi mahali ambapo watu wanakuja kuombana msaada, na kanuni ya 3 ndiyo iliyoniwekea kalamu hiyo mkononi.

Tujiangalie pia tunavyojisifu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huo huo Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila Julai tunatengeneza bango lenye bendera zote, ya Kongo ikiwemo, tukiandika kwamba lugha yetu imevuka mipaka. Nilirudi kwenye kumbukumbu za posti tulizozifuta kwa kanuni ya 3, nikasoma za miezi mitatu tu. Nyingi ni za watu wa Lubumbashi, Goma, Bukavu na Bujumbura. Nyingine ni za vijana wa Nairobi walioandika kwa Sheng. Moja ni ya bibi mmoja wa Lamu aliyeuliza namna ya kuhifadhi embe kavu. Aliuliza kwa Kiamu safi, na admini aliyemfuta alidhani anachapia.

Ndiyo maana nawaomba hizo posti ndizo ziwe kitabu cha mafunzo. Majina yaondolewe, wenyewe waombwe ruhusa, na asiyetaka yake isitumike. Ziwekwe mezani moja moja, maadmini waulizwe: huyu alikuwa anataka nini, na tulimjibu nini? Sijui swali lolote la kuchagua jibu a, b au c linaloweza kunifundisha kama lilivyonifundisha lile la mayi ya moto.

Mambo mengine yamo humo humo. Maadmini wanawake tuko wanne. Majina yetu yanapobandikwa juu ya ukurasa ili wanachama wajue pa kupeleka malalamiko, wenzetu wanaume hupokea malalamiko, sisi hupokea malalamiko na salamu za saa nane usiku. Mwenzetu mmoja alijitoa mwezi wa nne kwa ajili hiyo. Mafunzo yale yalikuwa na sehemu nzuri kuhusu heshima kwa wanawake kazini. Ya kumlinda dada ambaye kazi yake ya kujitolea imemfikisha kwenye simu za watu asiowajua hayakuwa nayo.

Kuna neno "zeruzeru". Liliandikwa kwetu kama utani, posti ikakaa siku mbili, na tulipoulizana maadmini, mmoja akasema ndivyo watu wanavyosema mitaani. Ni kweli ndivyo wanavyosema, na watu wenye ualbino wamechoka kulisikia, katika nchi ambayo wenzao wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina. Kuna na hili, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Niliwahi kumkanya mwanachama kwa kutumia neno "kiziwi", nikidhani ni tusi, nikamshauri aseme "asiyesikia". Yeye mwenyewe alikuwa kiziwi. Akanielekeza kwa upole kwamba chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na neno linalowachoma ni "bubu". Mambo haya anayajua aliyeyaishi. Hayawezi kuagizwa kutoka nje, na hata mimi mwenye shahada ya lugha nilikuwa nimeyakosa.

Huenda mkaona natia chumvi, kwamba admini mmoja wa kujitolea hana nguvu kiasi hicho. Tazameni yaliyotokea kwa wengine. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza na mhakiki wa kujitolea, kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyotajwa havikuonyesha kama mtu huyo anastahili makala. Oktoba mwaka huo huo akatunukiwa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu kuipata tangu ianzishwe. Karibu zaidi na kwetu, Machi 2010, jina la Makmende, shujaa wa kubuni, lilikuwa midomoni mwa Nairobi nzima baada ya video ya bendi ya Just a Band. Wakenya walipoandika makala yake kwenye Wikipedia hiyo hiyo, ilifutwa zaidi ya mara moja na watu waliokuwa mbali, ambao hawakuona kuna nini hapo. Ilisimama kwa sababu walioiandika hawakukata tamaa. Yule mzazi wa Lubumbashi angekata tamaa, nani angemlaumu?

Na kuna la Wikipedia ya Kikroeshia, ambalo linanitisha kuliko yote. Kundi dogo la wakabidhi, yaani maadmini wa Wikipedia, wote watu wa kujitolea, liliishika kwa karibu muongo mzima, likapotosha historia kwa mrengo wa kizalendo uliokithiri na kuwafungia waliolipinga. Tathmini ya Wikimedia Foundation ilichapishwa mwaka 2021, wakati ambapo vijana wengi walikuwa wameshasoma historia ya nchi yao humo. Sisi hatujafika huko. Ila nawakumbusha kwamba maadmini kumi na mmoja kati yetu ni Watanzania, watatu ni Wakenya, na kutoka Kongo, Burundi na Rwanda hakuna hata mmoja. Kila mara nafasi inapotokea tunamwita tunayemfahamu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na imekuwa.

Najua jibu moja linaloweza kuwajia haraka: kuyafanya mafunzo yawe ya lazima kila mwaka, na admini asiyepasi avuliwe dhamana. Nawaomba msifanye hivyo. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walifuatilia mamia ya makampuni ya Marekani kwa miaka mingi, wakaona kwamba mafunzo ya kulazimishwa mara nyingi hayabadilishi kitu, na mahali pengine yanawafanya watu wakaze shingo. Kilichosaidia zaidi ni kuwapa watu kazi ya kufanya pamoja na wale waliokuwa hawawajui, na kumpangia mtu mwenzake wa kumlea. Kwa jamii za mtandaoni ninao mfano mwingine. Septemba 2019 kampuni yenye Stack Exchange, mtandao wa maswali na majibu, ilimvua dhamana msimamizi wa kujitolea katika mzozo kuhusu kanuni mpya za maadili, ambazo hata zilikuwa bado hazijachapishwa. Makumi ya wasimamizi wenzake waliacha kazi au kusimamisha shughuli zao, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Nia ilikuwa kuwalinda watu wanaobaguliwa. Namna ilivyofanywa ikawaumiza wote, hata wale waliokusudiwa kulindwa.

Kwa hiyo ninachowaomba ni tofauti na mtihani mwingine. Wafundishaji wawe wale tuliowafukuza. Yule baba wa Lubumbashi amekubali, nimemuuliza. Bibi wa Lamu amesema atasema kwa sauti, kuandika kunamchosha. Ndugu yetu kiziwi yuko tayari akipatiwa mkalimani wa lugha ya alama. Na hawa walipwe. Sisi maadmini tulijitolea kwa hiari yetu na hatudai mshahara, lakini kumwita mtu uliyemkosea aje akufundishe, kisha aondoke na gharama ya bando lake mwenyewe, ni kumkosea mara ya pili. Mlilipia kurasa zile za ofisini. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ingetosha.

Kanuni ya 3 ibadilishwe, na isingoje mafunzo. Wenzangu saba wameafiki maneno haya: "Andika Kiswahili chako. Usipoeleweka, utaulizwa." Posti isifutwe kwa sababu ya lugha mpaka admini wa pili, wa nchi nyingine, aione. Mtasema zamu ya usiku ina mtu mmoja. Ni kweli, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye uteuzi: tukipata maadmini wawili wa Kongo na mmoja wa Burundi, zamu haitakuwa na mtu mmoja. Majina matano ya watu wanaojibu maswali kwetu kila siku kutoka huko nimeyatuma kwa katibu wenu, kwa idhini yao. Mmoja ni nesi wa Goma.

Admini mpya asipewe kitufe siku ya kwanza. Akae mwezi mzima na mwenzake wa upande mwingine wa lugha, wasome posti pamoja, waulizane. Mimi nimejipangia na dada wa Bukavu tangu mwezi uliopita, bila kungoja ruhusa. Wiki ya kwanza nilimuuliza maneno ishirini hivi. Wiki hii nimemuuliza matatu. Naye huniuliza yangu, maana "chapia" niliyoitumia hapo juu hakuijua, na "kukaza shingo" alidhani ni ugonjwa.

Mwisho, wenzangu wanaoandamwa usiku wawekewe jina la zamu badala ya majina yao, na malalamiko yapite mahali pamoja panapoonekana na maadmini wote. Hili ni la fundi wenu wa programu na halihitaji kikao.

Maadmini wenyewe hatukungoja kila kitu kutoka kwenu. Tumepanga kikao cha kwanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo ni saa mbili Lubumbashi na Bujumbura, na saa nne Muscat. Tutasoma posti kumi na mbili. Ya kwanza ni ile niliyoifuta mimi, na baba mwenyewe ndiye atakayeisoma. Kikao kizima kitakuwa kwa Kiswahili, kila mtu kwa chake. Tunawaomba mtume mjumbe mmoja wa bodi akae nasi mpaka mwisho, na akihitaji mkalimani atujulishe mapema ili tumwandalie.

Wenu,

Admini wa zamu ya usiku,
Tanga